Asiye na Kufuli Hayupo

Jirani yetu, Mama Darubini, anasema mzinga ule ulikasirika. Anasema alikuwa juu ya paa anaanika mashuka, akaona kwa macho yake mawili mtutu ukigeuka wenyewe kama shingo ya mbuni, ukamtazama Mkurugenzi kuanzia utosini hadi kwenye kamba za viatu, ukainama, ukamnyonya. Anasema alisikia "fyuu", kama mtu anayemalizia chai ya mwisho kwenye kikombe. Halafu, anasema, ukacheua. Ukimbishia anakuletea ushahidi: shuka la bluu lenye doa, ambalo anasema ni moshi.

Nampenda Mama Darubini na nisingependa kumkosesha raha. Lakini paa lake liko ng'ambo ya ukuta wa kambi, na kati ya paa hilo na mzinga kuna tangi la maji na miti miwili. Mimi nilikuwa karibu na mtutu kiasi cha kuweza kuupangusa, nimeshika mto wa velveti kwa mikono miwili, nimevaa glavu nyeupe za Kurugenzi. Kwa hiyo nasema kwa niaba ya mzinga, ambao hauna msemaji: haukumnyonya mtu. Mzinga ulitulia muda wote. Waliokosa utulivu ni wengine, na hata wao walikosa utulivu kwa kufuata utaratibu.

Utaratibu ulianza na tangazo. Vipaza sauti vilifungwa kwenye nguzo zote za mtaa, na sauti nzito ikatuambia kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mzinga utakaotikisika nchini bila idhini, na kwamba imezaliwa Kurugenzi ya Makomeo, Makufuli na Utulivu wa Silaha Nzito. Watu wakapiga makofi. Mtoto mmoja akauliza kama zamani mizinga ilikuwa inatikisika ovyo, mama yake akamfinya.

Kabla ya tangazo tulikuwa karakana tu: paa la bati, mafundi wachache, mzinga mmoja mkubwa na birika moja la chai. Birika lilikuwa langu. Baada ya tangazo tulibaki na paa lile lile, mzinga ule ule na birika lile lile, ila tuliongezewa zulia jekundu, wakuu wa vitengo wanne, Naibu Mkurugenzi na Mkurugenzi. Mkurugenzi alitokea Idara ya Vivuli vya Umma, ambako alifanya kazi nzuri mpaka watu wakaanza kukaa kivulini kwa zamu. Alikuja na katibu wake, ambaye sisi tulimwita Bwana Aya, kwa sababu hakuweza hata kukuambia moto unawaka bila kutaja ni kwa mujibu wa aya ipi.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana wengi wanaisifu bila kuijua. Mtutu wa mzinga ule ni mzito kuliko lori la mchanga. Fundi akitaka kupaka grisi kwenye mitambo ya chini, mtutu unainuliwa kwanza kwa kuzungusha hendeli, halafu linapenyezwa komeo, yaani nondo nene ya chuma, ili hata hendeli ikiteleza mtutu usishuke. Mwisho wa komeo kuna bamba lenye matundu sita. Kila anayeingia chini anatundika kufuli lake mwenyewe kwenye tundu moja, na ufunguo anauvaa shingoni. Mpaka kila mtu atoke na afungue kufuli lake, komeo halichomoki na mtutu haushuki. Na hakuna anayefungua kufuli la mwenzake, hata awe jenerali. Basi, ni hivyo tu. Ilikuwa kazi isiyo na hotuba, mpaka walipopatikana watu wa kuihutubia.

Fundi mkuu ni kaka yangu, tumbo moja. Wanamwita Grisi, kwa sababu hata siku ya harusi yake alimwachia bibi harusi alama za vidole vitano mgongoni, na picha zote zinaonyesha. Wifi yangu hajamsamehe. Lakini kila asubuhi anapotoka, wifi hamuulizi kama amekunywa chai. Anamshika ukosi na kumuuliza, "Ufunguo?"

"Huu hapa."

"Nenda. Na urudi ukiwa mnene hivyo hivyo, sitaki mume wa kukunja."

Makufuli yaliingia siasa siku Mheshimiwa Waziri alipopita kututembelea kwa mara ya kwanza. Aliliona komeo, akaona makufuli mawili matatu yananing'inia, yamechafuka mafuta, akauliza, "Haya ni ya nani?"

Kaka alikuwa chini, miguu tu ndiyo inaonekana. Akajibu kutoka huko huko, "Ya wanaohusika, Mheshimiwa!"

"Vizuri sana," akasema Waziri, akaendelea na safari yake.

Wakuu wakatazamana. Hakuna kati yao aliyekuwa na kufuli pale. Yaani Mheshimiwa alikuwa ameonyeshwa wanaohusika, nao hawakuwemo. Mkuu wa Itifaki alishika ukuta. Mkuu wa Mipango alisema anasikia baridi.

Wiki ile hapakubaki kufuli dukani. Mkurugenzi alitundika la kwanza, kubwa kama kichwa cha mtoto. Naibu wake akaja na lake, Mkuu wa Itifaki akalipima kwa rula na kuagiza lipunguzwe kimo kwa kupigwa tupa, lisije likalingana na la bosi. Mkuu wa Mipango alileta la namba za siri, akazisahau, akaleta lingine. Mkuu wa Uhusiano alilifungua lile la baiskeli yake, na jioni baiskeli haikuwepo, lakini kufuli lilikuwepo, na ndilo lililotakiwa. Akaja pia Mkuu wa Bustani, ambaye hajawahi kuukaribia mzinga ila kwenda kumwagilia maua aliyoyapanda kuzunguka matairi yake. La Itifaki likafunga hesabu. Matundu yakajaa.

Kufuli la kaka lilikutwa mezani, limelazwa juu ya karatasi safi kama mgonjwa.

Akaenda ofisini. Mimi nilikuwa namimina chai, kwa hiyo nilishuhudia mazungumzo yote, tena kwa utulivu.

"Bosi, kufuli langu limeondolewa kwenye tundu."

"Halikuondolewa. Limepandishwa," Mkurugenzi akasema. "Litakaa kwenye droo yangu."

"Nashukuru, bosi. Sasa mimi nikiwa chini, nani atajua kwamba niko chini?"

"Kwani wewe mwenyewe hujui?"

"Mimi najua. Mtutu ndio haujui."

Mkurugenzi alimtazama Bwana Aya. Bwana Aya alitazama dari, kwa sababu aya zake nyingi alizipata huko. Kabla chai haijapoa, waraka ulikuwa tayari, akausoma akiwa amesimama:

"Mtumishi yeyote asiye na kufuli kwenye komeo atahesabiwa kuwa hayupo chini ya mzinga. Na kwa kuwa hayupo, hawezi kuangukiwa."

Hata mimi niliacha kukoroga. Ni jambo adimu kuona usalama unapatikana kwa sentensi mbili.

"Na nikiangukiwa?" kaka akauliza.

"Utakuwa umekiuka waraka," Bwana Aya akamjibu kwa upole.

"Sasa kama sipo, grisi nani anapaka?"

"Grisi," akasema Mkurugenzi, "inapakwa."

Mkurugenzi alipotoka nje, kaka alifungua droo akachukua kufuli lake, akalitia mfukoni. Droo ya Kurugenzi ya Makufuli haikuwa na kufuli. Tangu siku hiyo suruali yake ilikuwa inashuka upande mmoja, akawa anatembea kama mtu aliyebeba yai.

Ni haki niseme kwamba waraka ulifanya kazi. Tangu utoke, hakuna mtumishi asiye na kufuli aliyeripotiwa kuumia, kwa sababu hawapo. Kitengo cha Mipango kilichora mchoro wa mstari unaoshuka, mzuri sana, ukatundikwa juu ya birika langu.

Nyumbani ndiko waraka haukueleweka. Wifi aliusikia, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka.

"Kama hayupo, hizi suruali za mafuta nazifua za nani?"

"Za fundi aliyehesabiwa hayupo," nikamwelekeza.

"Wifi, usinitanie. Hao wakubwa sita wakiamua kufungua makufuli yao, kuna atakayechungulia chini kuangalia kama mume wangu katoka?"

"Aya haisemi wachungulie."

"Basi huyu haingii chini!"

Kaka alikuwa anachezea kufuli lake, analifunga na kulifungua, ka, ka, ka. "Nikikataa nafukuzwa," akasema. "Nikikubali nakuwa kitambaa cha meza. Nyinyi mnipigie kura." Alikuwa anacheka, lakini alipokwenda kulala ufunguo ulikuwa bado shingoni, na wifi aliuona, na mimi niliuona.

Halafu ikatangazwa Siku ya Utulivu wa Mizinga. Mheshimiwa Waziri angekuja mwenyewe, na mzinga ungeinama kumsalimu. Hilo lilikuwa wazo la Mkuu wa Itifaki, ambaye alikuwa hajalala vizuri tangu agundue kwamba kila siku mtutu unaelekezwa juu mbele ya wakubwa bila adabu. Mimi nilipandishwa cheo kutoka mhudumu wa chai kuwa Mhudumu wa Chai na Mto. Wakubwa wangefungua makufuli yao mmoja mmoja kwa nyimbo, na mimi ningeyapokea juu ya mto wa velveti.

Bwana Aya alifanya mazoezi ya kuisoma ratiba mbele yangu, kwa sababu mimi husikiliza bila kukohoa. "Mheshimiwa anawasili. Mheshimiwa anamwona fundi akifanya kazi chini ya mzinga. Makufuli yanafunguliwa. Komeo linachomolewa. Mzinga unainama. Chai."

Nikasubiri. Niliona kama kuna kitu amekiruka.

"Samahani, mkubwa. Fundi anatoka wapi hapo katikati?"

"Fundi yupi?"

"Huyo aliye chini. Mheshimiwa anamwona, halafu mtutu unashuka."

"Ana kufuli?"

"Hana. Matundu yamejaa."

"Basi hatoki. Mtu hawezi kutoka mahali ambapo hayupo." Akaipiga ratiba muhuri, akapuliza wino ukauke. "Binti, usinichanganye."

Nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Lilikuwa jibu kamili. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba huyo asiyekuwepo nilinyonya naye ziwa moja.

Nilipeleka chai kwa Mkurugenzi. Nilimkuta amesimama mbele ya kioo akiagana na kufuli lake, maana Waziri alikuwa anakuja na kufuli la dhahabu, na tundu la kumpa lilikuwa halipo. Mkurugenzi alikuwa ametoa lake mwenyewe, kwa hiari, na alitaka jambo hilo lijulikane.

"Nimejitoa, binti," akasema. "Taifa litaona?"

"Litaona, bosi. Sukari?"

"Moja."

"Kaka yangu ana bahati," nikasema, nikimimina taratibu.

"Bahati ya nini?"

"Watu wa televisheni wamepita kupima mwanga. Wanasema picha kubwa ya siku itakuwa ya huyo aliye chini ya mzinga. Yeye na Mheshimiwa, uso kwa uso. Wengine mtatokea, lakini mabega."

Kijiko kilisimama.

"Mabega?"

"Na visigino, kwa wale wa mbele."

Mkurugenzi alikaa. Alinywa chai bila kuipuliza. "Grisi," akasema baada ya muda, "hana sura ya taifa."

"Hata mama yetu anasema hivyo hivyo."

Chai haijaisha, amri ilishatoka: siku ya sherehe fundi asikaribie matengenezo kwa namna yoyote. Ovaroli jipya likashonwa, la bluu, lenye mstari wa pasi miguuni. Spana ikapakwa rangi ya fedha. Mkurugenzi akafanya mazoezi ya kulala chini ya meza yake. Ratiba haikuguswa, kwa sababu ilikuwa imeshapigwa muhuri. Mimi nilitaka kaka atoke. Sikuwa nimemfikiria atakayeingia.

Siku ikafika, jua likatoka kama lilivyoagizwa. Bendi ya shaba ilipangwa kando ya mzinga, watoto wa shule wakapewa bendera, Mkuu wa Bustani alipulizia maua ya matairi maji ya waridi. Kwenye hendeli alisimama koplo mmoja mrefu ambaye hufanya anachoamriwa na si zaidi, mtu wa kutegemewa kabisa, unaweza kumwekea glasi ya maji kichwani asubuhi ukaikuta jioni. Kaka aliwekwa nyuma ya kamba pamoja na wananchi. Wifi alikuwa pembeni yake, amemshika mkono kama mtu aliyekamata mwizi.

Mkurugenzi aliingia chini ya mzinga akisaidiwa na watu. Njia ya kuingilia ni moja, nyembamba, mbele ya matairi, na ndiyo hiyo hiyo ya kutokea. Kaka hupita pale kama mjusi. Mkurugenzi alipita kama kabati. Alipofika ndani akalala chali, akanyanyua spana ya fedha, akatabasamu kuelekea mahali ambapo kamera itakuwa.

Waziri akawasili. Zulia lilikuwa limetandikwa mpaka mbele kabisa ya mzinga, akatembea mpaka mwisho wa zulia, akatundika kufuli lake la dhahabu kwenye tundu la Mkurugenzi, akasimama hapo. Yaani alisimama mlangoni. Viatu vyake viwili vikaziba njia yote.

Akainama kidogo. "Na huyu?"

"Ni fundi, Mheshimiwa," akasema Bwana Aya, akiisoma ratiba.

"Hongera, fundi," akasema Waziri kuliambia ovaroli. Kamera ikawaka. Hiyo ndiyo ilikuwa picha. Uso wa Mkurugenzi ulifunikwa na kivuli cha tumbo la Mheshimiwa, na huyu ni mtu aliyewahi kuongoza Idara ya Vivuli.

"Makufuli!" akatangaza Bwana Aya.

Bendi ikapiga. Mkuu wa Bustani akaja, akafungua lake, makofi, nikalipokea kwenye mto. Mkuu wa Uhusiano akafungua la baiskeli, makofi. Nilipoinama kupokea la tatu nikasikia sauti inatoka chini, ndogo, ya mtu anayejaribu kupiga kelele kwa adabu.

"Binti! Ss! Binti!"

"Bosi?"

"Mbona wanafungua?"

"Ni ratiba, bosi."

"Mimi natoka saa ngapi?"

Nilifikiria namna ya kumwambia bila kumvunjia heshima. "Haipo, bosi."

"Haipo nini?"

"Hiyo ya kutoka."

Kufuli la nne. Makofi. Mto ulianza kuwa mzito.

"Mwambie Mheshimiwa asogee!"

"Bosi, mimi ni wa chai na mto. Toka tu."

"Nipite katikati ya miguu ya Waziri? Kwenye televisheni?"

Swali lilikuwa la haki. Mkurugenzi alifanikiwa kunyanyua kichwa, akaona bamba la komeo kwa chini, akaona matundu yanavyobaki wazi moja baada ya jingine, na nadhani hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakuna tundu hata moja lenye kufuli lake. Akaanza kupiga chuma kwa spana, ngo ngo ngo. Bendi ikaipenda, ikaingiza ngoma.

Mimi si mtu wa kukaa na jambo kama hilo. Nikamwendea Bwana Aya na mto wangu. "Mkubwa, chini kuna mtu."

"Kufuli lake lipi?"

"Hana."

"Basi," akasema, bila kuacha kutabasamu kwa ajili ya kamera, "hakuna mtu."

"Ni Mkurugenzi."

Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini macho yalihama. Nilimwona anatafuta aya. Alipekua kichwani ukurasa kwa ukurasa, midomo inacheza, na kila ukurasa alioufungua alikuwa ameuandika yeye, na zote zilisema kitu kile kile. Naibu Mkurugenzi akafungua kufuli lake lililopigwa tupa. Nalo likaja juu ya mto wangu. Likabaki moja tu, la dhahabu.

Nikageuka kumtazama kaka. Sikusema kitu. Nilitazama viatu vya Waziri, nikatazama chini, nikamtazama tena. Tumekua pamoja, anajua nikitazama hivyo kuna mtu kakwama mahali.

Kaka akaruka kamba. Wifi alibaki ameshika saa ya mumewe tu. Kaka alipita kati ya tarumbeta, suruali imeshuka upande, akatoa kufuli mfukoni, akalisukuma kwenye tundu la kwanza lililo wazi kama mtu anayewahi kiti. Ka! Ufunguo akauvaa shingoni. Halafu akasimama pembeni akipangusa jasho, akaacha doa la mafuta kwenye paji la uso na lingine kwenye bega la Mkuu wa Itifaki.

Waziri hakumwona, alikuwa anatafuta kamera. Akafungua kufuli la dhahabu kwa madaha, akalibusu, akaliweka juu ya mto. Kelele zikapanda mpaka mbinguni. Akashika komeo, akavuta.

Komeo likakataa.

Akavuta tena kwa mikono miwili. Bendi ikashusha sauti, kisha ikanyamaza. Ile ngo ngo ngo ikasikika peke yake, halafu nayo ikanyamaza kwa aibu.

"Kuna kufuli hapa," akasema Waziri. "Bovu, lenye mafuta. La nani hili?"

"La kwangu, Mheshimiwa," akasema kaka.

"Lifungue."

"Siwezi, Mheshimiwa. Chini kuna mtu."

Waziri akamgeukia Bwana Aya. "Kuna mtu?"

Bwana Aya aliikunja ratiba. Mbele yake kulikuwa na Waziri, chini yake kulikuwa na bosi, na kati yao kulikuwa na waraka wenye saini ya bosi. "Kwa mujibu wa waraka," akasema, sauti imekonda, "hakuna mtu, Mheshimiwa. Asiye na kufuli anahesabiwa hayupo."

"Waraka mzuri," akasema Waziri. "Niliusifu bungeni. Nilisema kama ni wa uongo aliyeusaini afukuzwe siku hiyo hiyo. Si nilisema?"

"Ulisema, Mheshimiwa. Kwa msisitizo."

"Sasa huyu anasema kuna mtu." Waziri akarudi nyuma hatua moja, akashika magoti, akachungulia. Alitazama ovaroli, akatazama mstari wa pasi, akatazama viatu vya ngozi vinavyong'aa kuliko vya fundi yeyote. "Hebu. Mkurugenzi?"

Chini palikuwa kimya.

"Huyo ni Mkurugenzi au siye?"

"Anafanana naye, Mheshimiwa," nikasema mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na hakuna mwingine aliyetaka kuwa karibu.

Mheshimiwa alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye amevaa suti nzito juani na ameahidiwa kusalimiwa na mzinga. Wakuu wakacheka pia, kwa kimo chake. "Fundi," akasema, "mimi nina safari. Mzinga uiname, niondoke. Utafungua kufuli lako au hufungui?"

Kaka akajikuna kidevu, akakipaka mafuta nacho. "Nafungua sasa hivi, Mheshimiwa. Mimi sina neno kabisa. Akisema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba hayupo."

Wifi, nyuma ya kamba, alipiga kofi moja tu, kisha akaficha mikono.

"Ni jambo dogo," akasema Waziri, na mimi nilikubaliana naye, nililiona dogo pia. Mkurugenzi akisema yupo, waraka wake ni wa uongo, na afukuzwe siku hiyo hiyo. Akisema hayupo, waraka ni wa kweli, kazi yake iko salama, ufunguo unatoka shingoni, na koplo anashusha. Watumishi wachache sana hupewa nafasi ya kuchagua.

Koplo akaweka mkono wa pili kwenye hendeli. Wapiga tarumbeta wakajaza mashavu hewa, wakangoja. Mtu wa televisheni akalala kifudifudi juu ya zulia, akasogeza kamera mpaka kwenye uso ule, na safari hii hapakuwa na kivuli. Nchi nzima iliuona vizuri, nywele, jasho, hata grisi iliyomdondokea puani. Mheshimiwa Waziri akaomba kipaza sauti, akakiinamisha chini ya mzinga, taratibu, kama anayempa mgonjwa maji.

"Mkurugenzi," akasema, "naomba utuambie, kwa kifupi tu, kwa kumbukumbu za serikali. Upo, au hupo?"